Msindikizaji Mmoja Tu

Binti yake alipoingia mwezi wa tisa, Kiguu aliacha kabisa kukaa.

Si kwamba alikuwa mkaaji tangu zamani. Jina hilo alipewa karakanani kwa ajili ya kiguu na njia yake. Chai aliinywa wima. Simu aliipokea akitembea. Hata msibani, wenzake wakiwa wamekaa chini wamejiinamia, yeye ndiye wa kuinuka kwenda kutazama kama maji yamechemka, kama viatu vya wageni vimepangwa, kama mlango wa nyuma umefungwa. Mwezi wa tisa wa mwanawe ulimkuta hivyo hivyo, ukamzidishia. Alianza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alipita kwa binti asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, na katikati alipiga simu kuuliza kama mtoto amecheza tumboni.

"Amecheza, mama."

"Amecheza vipi?"

"Amecheza tu, mama. Kama mtoto."

"Polepole au kwa nguvu?"

"Mama, ningekuwa na dirisha tumboni ningekufungulia uchungulie."

Kiguu alicheka, akakata simu, akaanza kufikiri kwa nini binti amesema dirisha.

Kazi yake ilikuwa kushona magodoro, yale ya pamba yanayoshonwa kwa mkono, ambayo bado wapo watu wanaoyataka kwa sababu sponji inawaumiza mgongo. Godoro likishajazwa husimamishwa wima kwenye fremu ya mbao, kama mlango usio na nyumba. Mtu mmoja hukaa upande huu, mwingine upande ule, na kati yao hupita sindano moja ndefu kama mkono, yenye ncha pande zote mbili. Wa huku anasukuma, wa kule anapokea, anavuta uzi, anafunga fundo, anarudisha. Peke yako huwezi, labda uwe tayari kulizunguka godoro kwa kila mshono.

Wa upande wa pili alikuwa Kigoda. Huyo naye jina lilimfaa. Magoti yake yalichoka mapema kuliko mwili wake, na akishakaa amekaa. Alikuwa akisema Mungu hakumpa makalio yale ili ayatembeze. Fremu ilikuwa na kamba ya kupandishia na kushushia godoro, na kwa miaka ishirini na miwili Kiguu aliifunga kamba ile ili safu inayoshonwa iwe sawasawa na kifua cha Kigoda aliyeketi. Yeye mwenyewe, aliyesimama, ilimbidi ainame mchana kutwa. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na Kigoda hakuwahi kumshukuru kwa maneno. Ila kila jioni, kabla ya kuondoka, alimsimamisha Kiguu mlangoni akamkanda kiuno kwa vidole gumba, huku wakibishana ni nani aliyevunja sindano ya Jumatatu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakizungumza mchana kutwa bila kuonana nyuso. Mambo mengi ni mepesi kuyasema ukiwa huangaliwi machoni. Mimba mbili za Kiguu zilizoharibika kabla ya binti huyu, Kigoda alizisikia kupitia pamba. Ugomvi wa Kigoda na mume wake, na siku mume huyo alipofariki, na vijana wake wawili walipohamia mbali na kupunguza simu, vyote vilipita mle mle ilimopita sindano.

Siku hiyo, yapata saa nne asubuhi, walikuwa safu ya tatu ya godoro la watu wawili. Simu zao zilikaa pamoja kwenye rafu upande wa Kiguu. Na hapo walikuwa na desturi yao. Simu ya Kigoda ikilia, Kiguu ndiye huipokea, kwa kuwa mpaka Kigoda ainuke, ajinyooshe, alizunguke godoro, mpigaji atakuwa amekwisha kukata tamaa. Vijana wa Kigoda walijua kwamba wakipiga watajibiwa na Kiguu. Hata mwenye karakana alijua.

Simu ya Kigoda ikalia. Kiguu akatazama kioo. Kiliandika: Mwanetu.

"Ananitafuta mimi huyu," alijisemea. "Yangu itakuwa imezima."

Akaipokea. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya binti yake ikaja kwa kasi, imekatikakatika.

"Mama mdogo, chupa imepasuka. Niko kwenye teksi, nakaribia hospitali. Njoo sasa hivi. Na tafadhali, mama usimwambie kwanza. Tutamwambia mtoto akishazaliwa, kama tulivyokubaliana. Sawa?"

Desturi ya simu zile binti aliijua tangu utotoni, lakini mwenye uchungu hakumbuki desturi.

"Aa," alisema Kiguu, kwa sauti ndogo ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

"Nakusubiri," alisema binti, akakata.

Kiguu aliirudisha simu kwenye rafu, akaiweka sawa na ile nyingine, akarudi mahali pake. Ncha ya sindano ilikwisha kutokeza upande wake, inamngoja. Hakuivuta.

"Nani?" aliuliza Kigoda ng'ambo ya pamba.

"Mwanetu."

Upande wa pili uzi ulilegea.

"Chupa imepasuka," alisema Kiguu. "Anakuita wewe. Mimi nisiambiwe. Kama mlivyokubaliana." Alivuta pumzi. "Haya, niambie na mimi. Mmekubaliana nini, wewe na mwanangu?"

Kiti cha Kigoda kililia kidogo. Hakuinuka.

"Pale leba wanaruhusu msindikizaji mmoja tu," alisema polepole. "Wanamwandika kwenye kadi ya kliniki. Ameniandika mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa saba."

"Miezi miwili!" Kiguu aliligonga godoro kwa kiganja, vumbi la pamba likaruka. "Miezi miwili unanipokelea sindano hapa! Unaniuliza nimelalaje! Nakuonyesha soksi za mtoto nilizofuma, unasema zimependeza!"

"Zimependeza."

"Usinitanie, we mwanamke!"

"Sikutanii. Kila siku nilisema leo namwambia. Siku ulipoleta zile soksi nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa. Nikaufunga."

"Yule nimemzaa mimi."

"Najua. Si nilikuwepo? Ulining'ata hapa kwenye bega, alama ninayo mpaka leo."

Siku nyingine wangecheka. Kiguu alianza kutembea, hatua nne mpaka ukutani, hatua nne kurudi, aproni ikimpigapiga mapajani.

"Nimemkosea nini? Sema, maana wewe ndiye unayeambiwa siri. Nimemkosea nini mtoto yule, mimi ambaye sijui usingizi tangu alipozaliwa?"

"Hujamkosea."

"Basi?"

Kigoda alikohoa. Alipokuwa na jambo gumu alikohoa kwanza.

"Unakumbuka alipovunjika mkono?"

Angesahauje? Hadithi ile Kiguu mwenyewe aliipenda kuisimulia. Binti alikuwa na miaka tisa, akaanguka ukutani. Walipofika kwa daktari na Kiguu akauona ule mkono ulivyopinda, alipiga kelele akaanguka chini, akazimia. Watu wote wakamwacha mtoto wakamkimbilia mama. Kila alipoisimulia alimalizia kwa kusema, "Mnaona mtu anavyoweza kumpenda mwanawe?" Nao waliosikiliza hutikisa vichwa.

"Nakumbuka," alisema.

"Ulipozimia ni nani aliyekupepea?"

"Nesi."

"Si nesi. Ni yeye. Mimi niliingia nikamkuta amepiga magoti, mkono mmoja unaning'inia, na kwa mkono mzima anakupepea na daftari la hesabu. Halii. Ananiambia, mama mdogo, mama haamki."

Kiguu alisimama katikati ya hatua zake.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungefanya nini? Ungelia, naye angekubembeleza." Kisha Kigoda akasema lile lililobaki. "Alisema hivi mwezi wa saba, na aliyasema huku analia. Alisema, mama mdogo, nikiumwa mama akiwepo, naumwa mara mbili. Langu na lake. Siku ile nataka niumwe langu tu."

Barabarani nje lori lilipiga honi, dereva mmoja akamtukana mwenzake, mwenzake akarudisha. Kiguu aliusikia ugomvi wote mpaka mwisho. Kisha akaivua aproni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Ngoja tufuatane." Kiti kililia tena, na sasa Kigoda alikuwa akijiinua kweli. "Kiguu, nisikilize. Ukisema nisiende, siendi. Nasema kweli. Lakini yule mtoto hawezi kuachwa mle ndani peke yake huku sisi tunagombana nani aingie."

"Magoti yako yatatufikisha kesho," alisema Kiguu, akatoka.

Hospitali haikuwa mbali, ni kiasi cha kupita mitaa mitatu. Alipita kwa fundi saa bila kumsalimia, yeye ambaye huwa hampiti. Alivuka barabara kabla ya magari kusimama. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka la vitambaa alisogeza ufagio ampishe, akamwita, "Mama, una pamba kichwani!" Kiguu akajibu, "Ndiyo," akaendelea kuibeba pamba yake. Kichwani mwake maneno yalikuwa yakizunguka. Mara mbili. Mara mbili, anasema. Nani amemfundisha hesabu hiyo? Mama gani anayekaa kavu mwanawe akiumia? Hao si mama, ni viti! Na alipofikiri viti alimkumbuka Kigoda akilizunguka godoro kwa shida kutafuta viatu vyake, akakaribia kugeuka, lakini miguu ilikwisha kuzoea kumshinda.

Mlango wa leba ulikuwa na mkunga, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, ameshika kadi.

"Wewe ni wa huyu aliyeingia sasa hivi? Amemwandika mama mdogo. Ndiye wewe?"

Katika maisha yake Kiguu alikuwa amesema uongo mdogo mdogo wa kawaida, kwamba ameshiba, kwamba miguu haiumi. Huu haukumkawiza hata kidogo.

"Ndiye mimi."

Mkunga alimtazama kwa juu ya miwani, akampa gauni la kijani na ndara za plastiki. "Mikono uioshe mpaka kwenye kiwiko. Na mle ndani, mama, kazi yako ni moja. Yeye apumue."

Binti alikuwa kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia. Kiguu alimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa akiguna kwa sauti nzito ya chini, sauti ya mtu anayebeba kitu kizito na anajua pa kukipeleka. Kiguu akafungua pazia.

Sauti ikakatika.

"Mama," alisema binti. Uso wake ulikuwa umelowa, nywele zimemganda kwenye paji. Alimtazama mama yake, gauni la kijani, pamba kichwani, mikono iliyolikamata pazia. Na hapo hapo, mbele ya macho ya Kiguu, binti akajipanga. Akafuta jasho. Akatabasamu. Kiguu alilijua tabasamu lile. Aliliona siku ya mitihani iliyomshinda, na siku mumewe alipopata kazi ya barabara huko mbali na kumwacha na mimba changa. Siku zote alidhani ni tabasamu la mtoto jasiri.

"Umejuaje? Haya, si kitu. Karibu, mama. Hainiumi sana."

"Haikuumi?"

"Kidogo tu. Kaa hapo kwenye kiti, mama, umekuja mbio. Umekula kitu tangu asubuhi?"

Uchungu ukaja. Kiguu aliuona ukija, kwa vidole vya binti vilivyokamata ukingo wa kitanda mpaka vikapauka. Mdomo ulibaki umefungwa. Macho yalibaki kwa mama, yamefunguliwa wazi, yanamwangalia kama mtu anavyoangalia sufuria isifurike. Hakuguna. Mishipa ya shingo ilisimama, kifua kikawa kigumu kama ubao.

"Pumua!" alisema mkunga akitokea upande wa pili. "Binti, mbona unajizuia? Ulikuwa unakwenda vizuri sana. Toa sauti, hapa hakuna mwenye kukucheka. Unambania nani hiyo pumzi?"

Jibu Kiguu alikuwa nalo.

Lile giza analolijua lilianza kuja kutoka pembeni, lile la kwa daktari. Akaona mkono wa binti ukiachia kitanda, unanyooka kumshika yeye asianguke. Mkono huo huo uliovunjika zamani.

Kiguu alishika chuma cha kitanda. Akauma shavu kwa ndani mpaka akaonja chumvi, na giza likarudi nyuma.

"Mwanangu," alisema, na akashangaa sauti imetoka ya kawaida, kama anayeagiza sabuni dukani. "Mimi nimepita tu kukuambia mama mdogo wako yuko njiani. Unayajua magoti yake. Nakwenda kumwonyesha mlango."

Binti alimtazama sana.

"Umekasirika, mama?"

"Nimekasirika. Nitakugombeza mwezi ujao. Leo una kazi."

Akambusu kwenye paji lililolowa, akageuka, akafunga pazia nyuma yake. Hakuwa amepiga hatua tatu, sauti ikatoka kule nyuma. Ilianzia chini, ikapanda, ikajaza chumba kizima. Yote iliyokuwa imezuiwa ilitoka, na mkunga akasema, "Ehee! Hivyo! Hivyo hivyo, mwanangu!"

Kila hatua ya kutoka mle ndani ilikuwa na uzito wake. Nesi kijana aliyempisha alidhani mama huyu anatembea vibaya kwa sababu ya ndara.

Kigoda alikuwa koridoni, anakuja, mkono mmoja ukutani, amebeba mikoba yote miwili, wake na ule ambao Kiguu aliusahau. Alipomwona mwenzake na gauni la kijani alielewa, na hakusema lolote la kumwaibisha.

"Umeshaingia?" aliuliza tu.

"Nimeshatoka." Kiguu alikuwa akilivua gauni, kamba imemkwama shingoni. "Vaa. Haraka. Osha mikono mpaka kiwiko. Yuko kitanda cha mwisho. Ukimwona anatabasamu, mkemee."

Kigoda alimkwamulia kamba. Vidole vyake vilikaa mgongoni kwa Kiguu kitambo kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kiguu."

"Usiniongeleshe, nitalia, nami sina nafasi ya kulia. Nenda!"

Mkunga alitokeza kichwa, akamtazama Kigoda, akamtazama Kiguu, akatazama kadi. "Na huyu naye ni mama mdogo wa ngapi?"

"Huyu ndiye mwenyewe," alisema Kiguu. "Mimi nilikuwa namshikia foleni."

Mkunga angeweza kufoka, na alikuwa na haki. Akazisogeza kwa mguu zile ndara alizozivua Kiguu mpaka mbele ya miguu ya Kigoda ili asipate shida ya kuinama. "Ingia, mama. Polepole, sakafu ina maji."

Mlango ukafungwa, Kiguu akabaki na mikoba miwili.

Benchi lilikuwepo. Alikaa, akainuka. Alikwenda mpaka dirishani akaona ua wenye kamba za nguo na mashuka yanayokauka, akarudi, akakaa, akainuka. Alisoma tangazo la chanjo mara nne. Alikwenda mpaka mwisho wa korido, na kila aliporudi alipita mbele ya mlango ule na kusikia, na kila aliposikia mwili wake wote uliruka kama samaki. Mara mkono wake ukawa kwenye kitasa. Akautazama kama si wake, akauondoa.

"Mama!"

Alikuwa mfanyakazi wa usafi, mwanamke mwembamba aliyekunja suruali mpaka magotini, ameegemea fimbo ya deki.

"Mama, hii sakafu nimeipiga deki mara tatu. Mara zote tatu umeipita na hizo nyayo zako."

"Samahani, dada. Mwanangu yuko mle."

"Wa kwanza?"

"Yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho."

Yule mwanamke alimwangalia kuanzia pamba ya kichwani mpaka miguuni. Kisha akaingia kwenye kichumba chake akatoka na fimbo nyingine ya deki.

"Kama lazima utembee," alisema, "tembea na hii. Kutoka pale mpaka dirishani. Kamua vizuri, usiniachie madimbwi."

Basi Kiguu akapiga deki. Alipiga deki korido ile kama ambavyo haikuwahi kupigwa. Alisogeza benchi akapiga chini yake. Sauti ya binti ilipopanda, alikamua kitambaa; iliposhuka, alisukuma. Mchana ukapita. Wanawake wengine waliingia, mmoja akatoka na mtoto aliyefungwa kama mkate, babu mmoja akalia hadharani bila aibu. Mfanyakazi wa usafi alimletea chai ya maziwa, na Kiguu akainywa akiwa ameegemea fimbo, wamesimama pamoja kama watu wa kazi moja.

"Ni dada yako aliye mle naye?" aliuliza yule mwanamke.

Kiguu alifikiri. "Ni mtu ninayeshona naye."

"Anajua kukaa na mgonjwa?"

"Anajua kukaa," alisema Kiguu. "Hicho ndicho anachojua. Anakaa."

Alipolisema alitambua kwamba lilikuwa sifa, na kwa miaka yote aliligeuza mzaha.

Yapata saa kumi na moja sauti ya binti ilibadilika. Ikawa fupi, ikawa karibu karibu. Mkunga aliita mtu, na miguu ikakimbia mle ndani. Kisha kelele moja ndefu. Kisha kimya.

Kiguu alisubiri kilio cha mtoto. Hakikuja.

Alisimama katikati ya korido aliyoisafisha. Alisikia chuma kikigusa chuma. Alisikia mtu akisema neno fupi, mwingine akijibu. Miguu yake, ambayo haikuwahi kumtii tangu ajifunze kutembea, ilitaka mlango. Aliiambia hapana. Alijua kwamba akiingia sasa, macho ya mwanawe yatatoka kwa mtoto yaje kwake. Yule mfanyakazi wa usafi aliacha ndoo, akaja akasimama kando yake, bega kwa bega.

Kisha kikaja. Kwanza kama mlango usiotiwa mafuta, halafu kikashika kasi, kikawa kilio kamili cha mtu aliyeudhiwa.

"Ana mapafu huyo," alisema mfanyakazi wa usafi, akachukua ndoo yake akaenda zake kufuta macho mbali.

Mlango ukafunguka. Kigoda akatoka. Gauni la kijani lilikuwa limelowa mpaka tumboni, na kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na alama nyekundu nne za kucha.

"Wa kike," alisema. "Mzima. Mama yake mzima. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingo, wakaifungua. Alichelewa kulia. Alikuwa wa bluu, Kiguu, na mwanetu akiniuliza, mama mdogo, mbona halii, mbona halii, na mimi nikimchekea. Nikamwambia, anavuta pumzi tu, mvivu kama mimi. Nikacheka kabisa. Nilicheka huku nikiona..."

Hapo akakoma. Kiguu hakuwahi kumwona Kigoda akilia, hata siku ya kumzika mumewe, au pengine alilia kule ng'ambo ya godoro na Kiguu hakujua. Sasa uso wake mpana ulikunjika wote, na akaanza kushuka ukutani polepole, magoti yamekataa.

Kiguu alimwahi, akamkalisha kwenye benchi. Kigoda alimshika kifundo cha mkono akakikaza.

"Bibi wa mtoto!" mkunga aliita mlangoni, ameufungua kabisa. Kwa ndani pazia la kitanda cha mwisho lilikuwa wazi, na Kiguu aliona mguu wa binti yake chini ya shuka, na kitu kidogo kinachotikisika kifuani pake. "Anakuulizia. Ingia sasa, mama. Sasa unaruhusiwa."

Hatua kumi na mbili, labda kumi na tatu. Mwili wake wote ulikwisha kufika. Alitazama mkono wake. Vidole vya Kigoda vilikuwa bado vimekaza, na mwenyewe hakuwa na habari navyo. Alikuwa akilia kama watoto wanavyolia, kwa mabega.

"Nenda," alisema Kigoda katikati ya kwikwi. "Nenda, anakuita."

"Mwambie nakuja," Kiguu alimwambia mkunga. "Nina mtu hapa kwanza."

Akakaa. Akamvuta Kigoda kichwa akakiweka begani kwake, akaanza kumkanda mgongo kwa vidole gumba.

"Lia," alisema. "Lia vizuri. Mjukuu hajaota miguu bado, hatatoroka."